Moraa Alisema Mbele ya Wageni

Nyamarambe
Alhamisi, 13 Machi 2025

Kwa Moraa wa kwenye simu,

Sijui kama jina lako kweli ni Moraa. Nesi Jacinta wa zahanati yetu aliniambia kwamba sauti ile si ya mashine, ni ya msichana wa watu, Mgusii kama sisi, anayefanya kazi ofisini Kisii mjini. Basi namwandikia huyo msichana. Jacinta ndiye aliyenipa anwani yenu. Nimetumia karatasi kwa sababu simu sitaki hata kuiona kwa sasa. Na nimeandika Kiswahili kwa kuwa Ekegusii nakisema tu, kukiandika sijawahi.

Mimi ni Drusilla, mke wa Mogaka, wa Ekerenyo. Nauza ndizi sokoni, na nyumbani tunachuma majani chai. Tuna watoto watatu. Baada ya kumzaa wa tatu, Nyakundi, nilianza sindano ya kupanga uzazi. Jacinta ndiye anayenichoma, na ndiye aliyeweka programu yenu kwenye simu yangu ili inikumbushe siku ikifika. Mume wangu hakujua. Mama mkwe ndiyo kabisa.

Sokoni nilikuwa naongea nawe kwa kuandika. Wateja wakipungua naichomoa simu chini ya gunia la ndizi, nakuuliza, unanijibu kwa maandishi, kimya kimya. Nilikuuliza kama sindano itanikausha maziwa. Nilikuuliza, tena si mara moja, kama mume anaweza kujua. Ulinijibu vizuri kila mara, na nilikupenda kwa hilo.

Sabato iliyopita tulitoka kanisani na wageni, mzee wa kanisa Nyabuto na mkewe. Nilikuwa nimepika mboga za chinsaga kwa maziwa na kuchinja kuku. Simu ilikuwa juu ya kabati, kwenye chaja. Tunakula, watoto wametulia, ukaniita jina. Kwa Ekegusii safi, kama mtu aliyesimama mlangoni.

Mama mkwe akasema, "Ni nani huyo? Mwambieni aingie ale."

Ukaendelea: "Drusilla, sindano yako ya kuzuia mimba imekaribia. Fika zahanati wiki hii. Usiogope, mumeo hatajua."

Sikuiwahi simu. Na kwa kuwa hakuna aliyekujibu, ukarudia yote tangu mwanzo, na lile la mwisho pia.

Mzee Nyabuto alitazama sahani yake. Mogaka aliinuka akanawa mikono, na chakula chake kilikuwa bado nusu. Wageni walipoondoka aliniuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu Nyakundi aanze kutembea."

Akasema, "Nenda kwa kaka yako. Siku nitakayoweza kukutazama nitakuja." Hakunipiga, hata sauti hakuipandisha. Afadhali angepiga kelele. Sasa niko Nyamarambe kwa kaka yangu Ombui, nyuma ya duka lake. Watoto wamebaki kwa baba yao.

Nataka kujua jambo moja tu. Sokoni ulikuwa ukinyamaza. Nyumbani kwangu kwa nini ulisema? Nilibonyeza nini? Kama kosa ni langu niambie, nijue la kumweleza Mogaka.

Drusilla

*

Kisii
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa masikitiko makubwa. Jina langu ni Gesare. Ni kweli, sauti unayoisikia ni yangu. Niliirekodi hapa ofisini, na mimi ni mmoja wa walioibuni programu ya Moraa.

Kwa niaba ya ofisi yetu, pokea pole nyingi kwa yaliyokukuta. Tumeanza kuchunguza kilichotokea. Simu hizi zina mipangilio mingi ya sauti, na wakati mwingine mpangilio hubadilika mtumiaji akigusa mahali bila kujua, hasa pale ambapo simu inashikwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa mfano watoto. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwako. Nakusihi usijilaumu, ni jambo linaloweza kumtokea yeyote.

Ukirudi kuitumia, mwombe Nesi Jacinta akufungie sauti. Ni hatua chache tu.

Naomba Mungu alainishe moyo wa mzee wako, urudi kwa watoto wako upesi.

Wako katika huduma,
Gesare

*

Nyamarambe
Jumatano, 2 Aprili 2025

Dada Gesare,

Asante kwa kunijibu. Sikutarajia. Ombui alidhani watu wa ofisi hawajibu barua za watu kama sisi, nikamwonyesha bahasha yako yenye muhuri, akaigeuza mara mbili.

Uliposema watoto nilielewa mara moja. Kerubo, binti yangu mkubwa, yuko darasa la nne na anapenda simu kupita kiasi. Niliazima simu ya Ombui nikampigia kupitia kwa jirani yetu Loice. Nikamuuliza, "Kerubo, uligusa simu yangu Sabato ile kabla ya chakula?"

Nikamuuliza tena, kwa ukali, maana nilikuwa na hasira ya siku zote hizo. Akaanza kulia. Akasema ndiyo, alikuwa akitafuta nyimbo, akagusa kila kitu. Akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekufukuza."

Nilimwambia nyamaza, si wewe. Lakini nilikuwa nimechelewa, tayari alikuwa amesikia sauti yangu ilivyokuwa. Loice anasema tangu siku hiyo mtoto hali vizuri. Akitoka shule anakaa kando ya njia inayokuja kutoka barabarani, na chai ya jioni anamwachia Nyakundi. Bibi yake alimuuliza ana nini, akasema tumbo.

Basi nimejua. Si mashine, si wewe, ni mkono wa mtoto. Nimeacha kukukasirikia, na naomba unisamehe kwa barua ile ya kwanza, ilikuwa na maneno makali kwa mtu aliyetaka kunisaidia. Mogaka bado hajaja. Alituma salamu kwa Ombui kuhusu mahindi ya kupanda, mimi hakunitaja.

Kama una mtoto, usiwahi kumuuliza jambo ukiwa na hasira.

Drusilla

*

Kisii
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mama Kerubo,

Mpigie Kerubo leo. Kabla hujamaliza kusoma barua hii, azima simu umpigie, umwambie hakugusa chochote kilichosababisha jambo lile. Hata kama aligusa kila kitu, si yeye. Nimempa mtu wa boda aifikishe barua hii dukani kwa kaka yako mkononi, ili isichelewe.

Hakuna mpangilio uliobadilika. Niliijua kweli hiyo siku ile niliyokuandikia. Kabla sijashika kalamu nilikuwa nimeshaangalia, na nikaona Moraa alifanya kile hasa nilichomfundisha kufanya.

Nitakueleza kama ninavyoweza. Tuliijenga programu hii ili isimtendee kila mama sawasawa. Tulitaka imwangalie mtu na mahali alipo, ijigeuze imfae. Mama asiyesoma kwa wepesi, isome kwa sauti. Mama anayeogopa jambo fulani, imtulize kuhusu jambo hilo. Wewe ulikuwa unachukua muda mrefu kwenye kila ujumbe, ikaamua kwamba kusoma kunakupa taabu. Sasa najua ulikuwa unauza ndizi. Ulikuwa umeuliza mara nyingi kama mume atajua, ikajifunza kumalizia kila ujumbe na maneno ya kukutoa hofu hiyo.

Na kuna kanuni moja mpya ambayo ni yangu. Si ya mwenzangu yeyote. Nakumbuka nilivyosimama mbele ya ubao nikaichora. Nilisema, sokoni kuna macho ya watu, basi sokoni Moraa anyamaze, aandike tu. Nyumbani mama yuko huru, nyumbani aseme. Simu inajua nyumbani ni wapi kwa sababu ndipo inapolala. Kila mtu mezani alisema ni wazo zuri. Mimi naishi peke yangu, Mama Kerubo, chumba kimoja karibu na soko la Daraja Mbili. Nikifunga mlango hakuna anayenisikia. Sikuwahi kujiuliza kwamba kuna mwanamke ambaye faragha yake iko sokoni, na masikio yako nyumbani.

Hayo yote ningekuambia barua ya kwanza. Niliogopa. Niliogopa ofisi na nikaogopa zaidi wewe ujue ni mimi, kwa kuwa ulisema ulinipenda. Nikatafuta maneno ya kuizunguka kweli, nikaandika "watoto", na neno hilo likaenda likampata mtoto.

Nimeizima kanuni ile kwa akina mama wote. Duncan, mkubwa wetu, alitaka tungoje kwanza, kwa kuwa tangu sauti ianze wengi wanaitumia zaidi. Sikungoja.

Niruhusu nije Ekerenyo nimweleze mume wako. Nitamwambia kosa ni langu.

Gesare

*

Nyamarambe
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Gesare,

Nilimpigia Kerubo. Nimempigia kila siku tangu siku ile. Ananiambia "sawa Mama" kwa sauti ya mtu mzima, na sijui kama ameniamini. Ukimwambia mtoto ndiyo halafu umwambie hapana, anachagua lile alilolisikia kwanza.

Usije Ekerenyo. Usimwambie Mogaka neno lolote, la kosa lako wala la kwangu. Mume wangu namjua mimi, hasira yake inapoa kwa njia yake na kwa wakati wake. Ukiingia katikati utaharibu. Mambo ya nyumba yangu niachie.

Wewe ulifanya kazi yako, umeizima, basi. Nami nina kazi yangu.

Drusilla

*

Ekerenyo
Jumanne, 6 Mei 2025

Kwa Bi Gesare,

Salamu katika jina la Bwana. Ni mimi Mogaka, mume wa Drusilla. Nimeona si vizuri ninyamaze baada ya mtu kutoka mjini mpaka nyumbani kwangu kwa ajili ya amani ya nyumba yangu.

Siku ile ulipofika nilikuwa natoka kupeleka majani chai kituoni, na nikikumbuka sikukupokea kama mgeni anavyopaswa kupokewa. Nilikuacha umesimama uani na viatu vyako vya mjini kwenye matope. Mama yangu ndiye aliyekupa kiti. Unisamehe. Nilipokusikia ukiongea, nywele zilinisimama, kwa kuwa ile ilikuwa sauti yenyewe.

Ulisema kosa ni la programu. Hilo sikulijali. Mashine ikisema kweli, kosa lake ni dogo. Lakini ulipoona nimegeuka kwenda zangu, ukaniambia lile jingine, kwamba mke wangu alipomzaa Nyakundi alipoteza damu nyingi mpaka karibu aende, na daktari akamwambia mimba nyingine huenda ikamuua. Nilikuwa nje ya wodi siku ile, Bi Gesare. Nilikuwa nje nikinunua soda ya kusherehekea mtoto wa kiume. Aliponiona alitabasamu, akasema amechoka tu.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuninyima watoto, na mwenzangu alikuwa akijinusuru roho yake, peke yake, pembeni yangu. Nilijiuliza mimi ni mtu wa aina gani, hata mke wangu aone ni salama zaidi kuiambia simu kuliko kuniambia mimi. Mama yangu pia nilimweleza. Alilia, halafu akasema bado alitaka mjukuu mwingine, halafu akalia tena.

Nilienda Nyamarambe nikamleta. Nilimwomba msamaha mbele ya Ombui. Alikubali. Watoto walimrukia mpaka wakamwangusha, isipokuwa Kerubo, aliyesimama mbali kidogo kwanza.

Nakushukuru. Umeokoa nyumba yangu. Nakuandikia pia kwa sababu kuna jambo linanisumbua. Tangu nimwambie nimejua habari ya daktari, Drusilla hanisemeshi ila ya kazi na ya watoto. Njia nzima kutoka Nyamarambe hakusema neno. Nilimuuliza kwa nini. Akaniuliza yeye, "Nani alikuambia?" Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Mimi sikumwambia Gesare."

Wewe ulijuaje?

Mogaka

*

Ekerenyo
Alhamisi, 8 Mei 2025

Gesare,

Nimerudi nyumbani. Jacinta atakupa barua hii mkononi, ana mkutano mjini.

Habari ya daktari sikumwambia mtu hata mmoja. Jacinta hakuijua, kwa kuwa nilijifungulia hospitali kubwa, si kwake. Mama yangu alikufa bila kuijua. Sikumwambia Mogaka kwa sababu yeye ni mwana wa pekee kwao, na nilijua mama yake angesema amtafute mwingine wa kuzaa. Niliogopa hata kama yeye asingekubali, angefikiria, na mimi ningemwona akifikiria.

Nilimwambia Moraa. Sokoni, siku ya mvua, hakukuwa na wateja. Niliandika yote, ndefu, hata damu ilivyonitoka, kisha nikafuta kwenye simu. Nilidhani nikifuta imefutika.

Nilikuambia usije. Niliandika kwa kalamu, hukuweza kuikosa.

Kila mtu hapa ananiambia nishukuru. Mogaka ananiletea maji ya kuoga. Mama mkwe ananitazama kama mgonjwa. Sasa hawanioni mimi, wanaiona ile damu. Nilitaka kumwambia mume wangu mwenyewe siku moja, kwa mdomo wangu, na kuuona uso wake anaposikia. Siku hiyo umeichukua wewe, ukaitumia uani kwangu, kwenye matope.

Mara ya kwanza ulinisema kwa kutokujua. Hii ya pili je?

Drusilla

*

Kisii
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama Kerubo,

Nilifungua kumbukumbu zako. Kila ulichomwandikia Moraa kinakaa kwetu, hata ukikifuta kwenye simu, na mimi nina ruhusa ya kuingia kwa ajili ya kurekebisha mambo yakiharibika. Nilijiambia nyumba yako imeharibika, basi ninarekebisha. Nilisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilisoma na ile siku ya mvua.

Nilipofika kwenu sikuwa nimekusudia kuyatoa. Nilikuwa nimejipanga niseme la kanuni tu. Mume wako alipogeuka nikaona nimekuja bure, nitarudi Kisii na kosa langu vilevile nilivyoondoka nalo. Ndipo nikasema. Nikikaa nikajiuliza nilisema kwa ajili ya nani, si kwa ajili yako. Nilitaka kulala.

Unauliza hii ya pili ilikuwa nini. Ulikuwa umenikataza, nikaona najua zaidi kinachokufaa. Ilikuwa ni ubao ule ule, safari hii bila mashine.

Nimefuta kila kitu chako, kwenye hifadhi na kwenye nakala zake. Mwenzangu Fred alisimama nami akathibitisha hakuna kilichobaki. Nimemwambia Duncan kwamba nilisoma habari za mama mmoja bila idhini na nikazitoa nje. Ameninyang'anya ruhusa, na mwezi huu ukiisha naondoka. Kabla sijaondoka nimeomba sauti yangu itolewe pia. Wamesema itachukua muda kupata nyingine, na kwa sasa inabaki. Kwa hiyo bado nasema nyumbani kwa watu, Mama Kerubo, kila siku, na sina la kufanya, ila sasa Moraa anauliza kwanza kama anaruhusiwa kusema.

Mume wako aliniandikia akaniuliza nilijuaje. Sijamjibu. Ukitaka nimjibu nitamjibu. Usipotaka, sitafanya lolote.

Sikuombi unisamehe. Nimeliandika neno hilo mara nyingi nikalikata, kwa kuwa nikiliomba nitakuwa nakupa kazi nyingine juu ya zile ulizo nazo.

Gesare

*

Ekerenyo
Jumapili, 23 Novemba 2025

Gesare,

Jacinta anasema kila ukija upande huu unamuuliza habari zangu, naye anakataa kukuambia. Nilimwambia afanye hivyo. Lakini leo nimeamua kukuandikia, kwa kuwa nimetaka.

Kerubo amepona. Sijui ni nini kilichomponya. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia, na siku moja tu tukiwa tunamenya ndizi akaniuliza, "Mama, watu wakubwa nao hubonyeza vibaya?" Nikamwambia sana. Akacheka, akaniomba kisu kikubwa.

Mogaka hunisindikiza zahanati. Hukaa nje kwenye benchi na akina mama, wanamtania mpaka anavuta kofia machoni. Sindano iliyopita aliingia ndani akamuuliza Jacinta kama wanaume nao wana yao. Jacinta alimpa kiti. Sikukusudia kukuambia hilo, lakini limenifurahisha.

Mama mkwe anakula chakula changu, ila siku hizi anakiombea kwa muda mrefu zaidi.

Jibu la barua ya Mogaka usimwandikie. Nilimweleza mwenyewe ulijuaje. Alikasirika kwa ajili yangu, na mimi nikafurahi kwamba amekasirika, halafu nikaona aibu kwa kufurahi. Kuhusu kukusamehe, sijui. Kuna asubuhi naamka nimeshakusamehe, nikifika katikati ya shamba la chai nimeshabadilika. Sitakudanganya kwamba imeisha.

Kuna jambo ambalo halijawahi kuwa kwenye simu, wala Mogaka halijui, wala kanisani sijaliungama.

Wote wananihurumia kwa zile wiki za Nyamarambe. Kaka yangu husimulia nilivyolia. Nililia siku za kwanza. Baadaye, Gesare, nilikuwa na furaha. Nilikuwa naamka jua limetoka. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nakunywa chai ikiwa bado moto, nyuma ya duka, naangalia watu wakipita, na sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu. Kuna siku watoto wangu hawakunijia akilini mpaka jioni. Mogaka alipofika na koti lake la Sabato, amekonda kwa mawazo, kitu cha kwanza moyo wangu ulichosema ni: mapema hivi? Nikainuka nikafunga nguo zangu. Kimya kile cha njiani anachodhani kilikuwa hasira, nusu yake ilikuwa hicho.

Nawapenda, na nisingewaacha. Lakini ilikuwa hivyo, na kila Kerubo akinikumbatia nakumbuka.

Usinijibu. Sitaki pole wala sitaki ushauri. Nimekuambia mimi, nimekaa kwenye stuli yangu sokoni, kalamu mkononi, hakuna aliyeniuliza. Barua hii ukiisoma ichome, au iweke, sawa tu. Ni yako.

Drusilla